Kipimo kinasema hana malaria

Saa kumi alasiri. Mtoto wa Edilberto, mwenye mashua iliyonileta, anatetemeka kwa homa. Kipimo cha haraka kinasema hana malaria.

Yesenia, daktari mwenzangu, unajua huku Loreto, Peru, vipimo hivi huikosa malaria hata ikiwepo. Hadubini iko mbali, mjini Iquitos.

Nikamwambia baba yake ukweli: sijui.

Akachomoa plagi ya kuwashia injini ya mashua, akaitia mfukoni, akaketi mlangoni.

"Daktari wangu, wewe hujui ugonjwa, mimi sijui plagi ilipo. Tukae."

Mfukoni, Yesenia. Na anatabasamu.

Nikimpa mtoto dawa bila uthibitisho akafa, nimemuua mimi. Nisipompa akafa, ni mimi vilevile.

Nimempa ya malaria.

"Si umesema hana?"

"Kipimo ndicho kimesema."

Dozi ya kwanza kaitapika. Nimeirudia. Hii imekaa.