Kaka Hataki Kula na Mama Tluway

Jumatatu, 2 Februari
Nimekamua, nimetoa samadi, mgongo umegoma. Kaka Paskali ametoka jela wiki iliyopita na bado anasimama mlangoni akingoja aambiwe apite. Kwao mwenyewe! Nyumba aliyojenga baba. Inanikera, halafu namwonea huruma, halafu inanikera tena.

Jirani yangu Mama Elia hakuja kuchukua maziwa. Hata salamu hakutuma.

Alhamisi, 5 Februari
Mashineni kusaga. Gumzo lile lile: nani alimuua Tluway. Ni mwaka ule wa njaa, wa unga wa njano wa msaada, waligombana na kaka juu ya mpaka wa shamba, kesho yake Tluway akakutwa kwenye ngano amepigwa rungu. Mmoja anaapa alimwona Paskali akikimbia. Mwaka ule huyo alikuwa ananyonya! Mwingine anasema ni wezi wa ng'ombe, Paskali alionewa. Waliponiona wakanyamaza. Nikawaambia endeleeni tu, mimi nimekuja kusaga.

Tumepewa mkoa mpya, simu zimefika Katesh, hapa Gitting kesi ni ya zamani.

Mimi sijui kama aliua. Kweli sijui. Sijawahi kumuuliza.

Jumapili, 8 Februari
Baada ya ibada wazee walikaa kuhusu kaka. Mzee Margwe, mkubwa wao, kaleta jibu. Shikamoo yangu kaipokea akiwa nje ya uzio.

Mwenye damu ya mtu mikononi hachangamani na watu mpaka mzazi wa marehemu ale naye sahani moja. Wakishakula, yamekwisha, hakuna wa kuyasema tena. Wasipokula, Paskali ahame. Asipohama, boma zima litengwe: ng'ombe wetu wasinywe lamboni na wengine, msiba wetu tuzike wenyewe.

Mama Tluway amekubali kuja Jumamosi. Nimelia kwa furaha kama mjinga.

Jumatatu, 9 Februari
Kaka hataki. Anasema akila naye amekubali kwamba alimuua, na hakumuua. Ndiyo mara ya kwanza namsikia akilitamka.

Nikamwambia, kula tu kaka, ni ugali. Akanijibu kwamba polisi nao walimwambia weka tu dole gumba, ni karatasi.

Nina hasira naye. Nina hasira na wote.

Alhamisi, 12 Februari
Nimemsihi tena. Hapana. Akihama ataenda wapi, mtu wa umri ule, hana mke wala jembe? Na mimi nikitengwa nitazeeka na nani?

Nimechoka. Basi.

Jumamosi, 14 Februari
Nimechinja jogoo. Ugali, sahani moja. Wazee wamejaa uani.

Mama Tluway kaja na fimbo yake. Kaka kapiga goti, kamwamkia, kamnawisha mikono. Kisha kakaa, mikono mapajani. Haigusi sahani ng'o.

Mzee Margwe akaanza kufoka. Mama Tluway akamkatiza:

"Niacheni. Nina njaa."

Akala. Tonge kwa tonge, polepole, peke yake, watu wazima wote tukimtazama. Alipomaliza akamgeukia kaka.

"Ulimuua mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Haya. Mahakamani waliniuliza mimi kila kitu, lakini mimi kukuuliza wewe walinikataza."

Akaomba maji, akanawa, akaondoka.

Wazee wamegombana mpaka jua limezama. Kula kwa mmoja ni kula au si kula? Wengine ndiyo, wengine hapana. Margwe anasema hajawahi kuona jambo kama hili tangu azaliwe. Wameondoka bila kuafikiana. Mimi ndiye niliyeachwa na vyombo.

Jumanne, 17 Februari
Alfajiri kaka hayupo. Blanketi kalikunja vizuri. Nikajua ndiyo amehama, kimyakimya, ili mimi nisitengwe. Nimekimbia mpaka barabara ya Katesh, miguu mitupu, nikimlaani na kumwombea.

Hakuwa barabarani. Nimemkuta kwenye shamba la Mama Tluway, ameinama, anapalilia maharage. Mama mwenyewe kakaa kwenye kigoda pembeni, anamgombeza:

"Unakata maharage yangu! Huko jela hawakukufundisha kushika jembe?"

Kaka akacheka. Sijamsikia akicheka tangu tukiwa vijana.

Mzee Margwe alipita na ng'ombe wake. Akasimama, akawatazama weee. Akamsalimia mama, akaendelea na safari yake; la kuhama hakuligusa.

Sikuwaita. Nimerudi nyumbani nikalala mchana kweupe.