Makala Nambari Sita

Migori, 6 Agosti 1990

Dada Rispa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hapa tu wazima, ila goti la baba linamsumbua. Mama yako alipona malaria? Na mahindi ya Kosele yamevunwa?

Tangu chuo kifungwe, kila Jumatatu naripoti kwa chifu, natia sahihi daftarini kama mwizi aliye nje kwa dhamana. Chifu ananiita profesa, foleni nzima inacheka.

Jumatatu hii nilikuta mgeni kutoka mkoani, bwana mwenye faili. Ndani mlikuwa na makala nambari sita, yale ya wahusika watiifu wa tamthilia. Polisi waliyapata walipopekua vyumba vyetu. Anataka jina la mwandishi, na anasema mimi, mhariri mkuu wa jarida letu la *Ungo*, lazima nilijue. Nilimweleza: katibu huondoa jina, huweka nambari, sisi wahariri husoma bila kujua ni kazi ya nani. Akaniuliza, "Mnakula nyama bila kujua ng'ombe ni wa nani?" Nilitaka kumwambia kwamba kwetu Wakuria, tunaosemwa kwa wizi wa ng'ombe, hilo limewahi kutokea.

Amenipa wiki tatu. Bila jina, barua yangu ya kurudi chuoni haitoki, nami nimebakiza muhula mmoja.

Katibu ni wewe. Naomba jina. Na usinione msaliti: makala hayo tuliyakataa. Mimi mwenyewe niliandika pembeni, "Kelele nyingi, hoja chache." Si mali ya *Ungo*.

Jibu usilitie posta. Mpe Mellen anayeuza mitumba, huja huku baada ya soko lenu.

Ndugu yako,
Nyamhanga


Kosele, 11 Agosti 1990

Kaka Nyamhanga,

Salamu zimefika, nasi twakurudishia. Mama ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo amepona. Mahindi tumevuna, mikono yangu ni shahidi. Mpe baba pole ya goti.

Jina sikupi.

Unasema tuliyakataa, kwa hiyo si yetu. Sentensi hiyo ingeandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ungeichana mbele yake. Tulibandika tangazo mlangoni: jina lako litajulikana na katibu peke yake. Hatukuongeza "ukifaulu". Tuliyemkubali alitupatia makala. Tuliyemkataa alitupatia makala na aibu yake pia. Huyo ndiye unayetaka kumpeleka kwa mwenye faili?

Orodha nimeichoma jikoni. Majina yote yamo kichwani mwangu, waje wapekue.

Na jambo lingine, kaka. Nakutumia nakala uliyoisoma wewe, ilibaki kwangu. Tazama alama za chapati uliyokuwa ukila: ukurasa wa kwanza mafuta, wa pili mafuta, kuanzia wa tatu karatasi safi kama shuka ya hospitali. Ulihukumu kurasa tisa kwa kusoma mbili. Serikali angalau imesoma zote.

Dada yako,
Rispa


Migori, 23 Agosti 1990

Dada Rispa,

Salamu uzichukue kama zimeandikwa, leo sina subira nazo. Goti ni lilelile.

Nimesoma kurasa zote tisa, mara nne. Nitasema kweli: kuanzia wa tatu hadi wa saba ni kazi nzuri, na inaniudhi kwa sababu niliikosa. Pale anapomhesabu mtumishi wa tamthilia za shule: anaingia na trei, anasema "ndiyo bwana" mara kumi na moja, kisha mtihani unatuamuru tueleze uaminifu wake. Hakuna anayetuuliza kama amekula. Mimi nilieleza uaminifu huo kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Ukurasa wa nane na wa tisa ni hotuba ya mkutano wa hadhara. Hapo sibadiliki.

Baba nimemwambia yote. Akauliza, "Huyo ni mtoto wa nani hata akufukuzishe shule?" Nikamjibu sijui. Akasema, "Basi kajue."

Jumatatu ndiyo siku yangu. Kama una neno, umechelewa.

Ndugu yako,
Nyamhanga


Chuoni, 8 Oktoba 1990

Kaka Nyamhanga,

U hali gani? Na wazee? Mimi mzima, ingawa nimekonda kwa wasiwasi.

Nilikuandikia mara mbili hukujibu. Hatimaye Mellen akaniambia: ulikwenda ukasema makala ni yako.

Chuo kimefunguliwa. Nilikutafuta kwenye orodha ya waliorudishwa, pale ubaoni, nikapitisha kidole hadi mwisho, mara mbili.

Mwandishi alinijia, analia. Anataka kwenda kujitaja, na anataka akuandikie. Sijamruhusu lolote kabla ya kusikia kwako. Wahariri wenzetu wanataka makala hayo yawe ya kwanza katika toleo lijalo. Nimewaambia kura yako bado ipo. Na mimi niliyekuandikia kwa ukali, naomba radhi kwa ukali. Kwa hoja siombi.

Dada yako,
Rispa


Sindo, 27 Oktoba 1990

Dada Rispa,

Nashukuru kwa barua. Afya ninayo, samaki ninao, na kidato cha tatu ninacho, wanafunzi hamsini na wawili. Shule ilihitaji mwalimu wa Kiswahili, haikuulizia cheti. Baba hajasema nami tangu Agosti. Mama ananitumia salamu kupitia watu.

Bwana yule mwenye faili hakuniamini. Alifunika makala, akanihoji kama mtahini: mtumishi ameingia mara ngapi, kwa nini trei, nani anamsifu. Nilijibu yote. Kisha akauliza kwa nini nilimalizia kwa hotuba. Nikasema hapo nilikosea. Akaandika: "Amekiri kosa." Nikatia sahihi.

Mwandishi asijitaje. Wakipata waandishi wawili wataita njama, na wewe katibu utakuwa wa tatu. Asiniandikie pia. Nikimjua nitamchukia au nitampenda, na kwa vyovyote sitaweza tena kumsoma vizuri.

Kura yangu ni hapana, mpaka akate ukurasa wa nane na wa tisa. Akikataa, mwambie mhariri amezilipia kurasa hizo, na bado anasema hazifai.

Ndugu yako,
Nyamhanga