Nimekufungia Paka kwa Chuma

Mama Hamisi, mke wangu,

Watoto wanasema aliyekufa hasomi barua. Nikawaambia, mama yenu alinisoma hata nikinyamaza, atashindwa na karatasi? Basi sikia. Damu imemwagika hapa Gisozi.

Yule paka wako dume ameuawa. Alitoka dirishani asubuhi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima tukifyeka nyasi barabarani. Nikasikia mlio. Mbwa wa Gasana, yule fundi kabati wa hapo chini, alikuwa amemkamata shingo, anamkung'uta kama tambara. Nilishuka ule mteremko na jembe, vijana wote nikawaacha nyuma, waulize! Pigo moja la jembe kichwani, mbwa akalala. Paka naye alikuwa ameshakwisha.

Gasana akanikaba. "Muzehe, unaua mbwa sababu ya paka?"

"Sogea vizuri nikulaze naye!"

Tukaangukia mtaroni. Akanipasua nyusi, nami nikamng'oa jino. Majirani wakatuvuta miguu kututenganisha. "Iko aibu, muzehe! Paka tu?"

Paka tu, kwao. Wewe uliwaleta wawili kwa kikapu kutoka Nyamirambo, nami nikataka uwarudishe, wasikanyage mkeka wangu wa swala. Ukaniambia, "Paka si najisi, Baba Hamisi. Najisi ni hizo hasira zako." Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Basi siku ileile, damu machoni, niliwasha mashine ya kuchomelea. Kila dirisha nikalipiga wavu wa chuma. Juu ya ukuta nikapinda nondo kuelekea ndani, paka asiweze kuruka nje wala mbwa kuruka ndani. Sumu ya panya uliyoficha nyuma ya mkaa nikaitumbukiza chooni. Fundi wa kazi kama hiyo Kigali hii ni mimi peke yangu.

Aliyebaki, yule jike, hana shukrani. Kutwa yuko dirishani anaupigia wavu makelele. Nikimsogelea ananirarua, mikono yangu yote makovu. Hamisi akasema, "Mzee, hii ni jela, mfungulie." Nilimrushia kiatu. Simfungulii!

Wewe ulinitoka mikononi, na hakuna chuma nilichojua kuchomelea kingekuzuia. Huyu nimemzuia. Anakula, anapumua, analalia kitenge chako cha njano. Nikipita ananifokea. Na anifokee, Mama Hamisi. Nyumba hii ilikuwa imenyamaza mno.

Lala salama huko, huku nipo mimi.

Mumeo,
Baba Hamisi