Kimashine Kisichoanza Kazi Bila Salamu

Lagangabilili, Itilima
Jumamosi jioni

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Natumai barua hii itakukuta magoti yametulia na baridi ya Lushoto haijakuzidi. Bibi anaendeleaje na kifua? Mimi ni mzima. Jua la huku limenichoma mpaka ukiniona utauliza huyu mtoto ni wa nani, lakini leo nina furaha isiyoenea kwenye simu, ndiyo maana nimetafuta karatasi.

Unamkumbuka Mayu Kabula niliyekusimulia, mama anayeendesha pampu ya maji katika kijiji kimoja tunachokihudumia? Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Kisima kiko bondeni, tangi liko kilimani kwenye nyumba za watu, na katikati ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Kila asubuhi alikuwa anashuka kuiwasha pampu, tangi likijaa anashuka tena kuizima. Mvua zilizopita aliteleza korongoni akavunjika mguu. Umeunga, ila bonde hilo haliwezi tena. Kamati ya maji ikasema ikifika Jumamosi, yaani leo, kazi atapewa mwingine. Ni mjane, Mama, na kazi hiyo ndiyo inayompa sauti kijijini. Mimi na kiherehere changu nikasimama nikasema nipeni siku chache, nitafunga kifaa, Mayu ataiwasha na kuizima pampu kwa meseji akiwa kwake.

Kifaa chenyewe kinaitwa modemu, ni kisanduku kama kipande cha sabuni chenye laini ya simu ndani. Hakina kioo wala vitufe. Unakiunga kwa waya na kompyuta, unakiandikia amri kwa herufi, nacho kinakujibu kwa herufi. Ukiandika AT kinajibu OK, maana yake nipo, sema. Ukiandika AT+CSQ kinakuambia mtandao una nguvu kiasi gani. Sijui nikueleze vipi utamu wake! Ofisini kilinitii kwa kila jambo, nikawatambia wenzangu kwamba wiki ijayo wataniita injinia.

Alhamisi nikakipeleka bondeni nikakiunga na ubao wa umeme unaoiendesha pampu, kwa sababu huko ubao ndio unaokiamrisha badala yangu. Mayu, kule kilimani, akatuma WASHA kwa simu yake ndogo. Kimya. Nikazima umeme nikawasha, kimya. Nikabadilisha antena, nikailaumu laini ya simu, nikaweka nyingine. Jioni mjumbe mmoja wa kamati akapita na ng'ombe wake, akaziangalia waya zangu, akasema tu, "Jumamosi si mbali, mwalimu." Huku kila aliyesoma ni mwalimu. Nilirudi nyumbani sina hamu hata ya kula.

Ijumaa asubuhi Mayu akaletwa bondeni kwa mkokoteni wa ng'ombe, akaketi kando yangu akinitazama.

"Unamwambia nini huyo?"

"Simwambii mimi, Mayu. Ubao ndio unamwambia. Umeme ukirudi tu, unampa amri apokee meseji."

"Umemsalimia?"

"Nani?"

"Huo ubao wako. Mwenzake ndiyo kwanza ameamka, unamtuma kazi hata mwangaluka, salamu ya asubuhi, hakuna. Sisi hapa hata ng'ombe akipotea tunasalimiana kwanza, ng'wanawane, mwanangu, ndiyo tunaulizana."

Nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka. Mama, kosa lilikuwa hilo hilo. Modemu hii ikiamka haijui unaongea nayo kwa kasi gani. Inangoja isikie AT kwanza ndipo ijipime na mwendo wako. Ofisini nilikuwa naiandikia AT mwenyewe kila nikianza, kwa mazoea tu, wala sikujua kama ni sharti. Ubao nilikuwa nimeupangia amri kwa haraka zangu, na AT sikuiweka.

Nikaiweka pale mwanzo, irudiwe mpaka jibu la OK lije. Kisha nikaipa modemu kasi moja ya kudumu, nikaihifadhi kwa AT&W ili umeme ukikatika isisahau. Nikazima, nikawasha. Mayu akatuma WASHA, na pampu ikanguruma. Nilimkumbatia mpaka akalalamikia mguu.

Leo kwenye mkutano kule tangini mwenyekiti akasema maneno hayanyweki, watu waone. Mayu akaketi kwenye stuli, akabonyeza simu yake. Ikalia: PAMPU IMEWAKA. Hakuna aliyepiga makofi. Watu wa huku hawashangilii maji wasiyoyaona. Tukangoja maji yapande kilima, roho yangu juu. Mzee mmoja akaweka sikio kwenye bomba, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akainua kidole. Tukayasikia yanamwagika tangini. Mwenyekiti akafungua daftari, akasema, "Kazi inabaki yake. Ajenda nyingine?" Nililia mbele ya watu wazima, Mama, na sioni aibu.

Nisalimie Bibi, dada Asha na wanafunzi wake, mjomba Rajabu wa cherehani, na shangazi Mwanaidi aliyesema umeme si kazi ya mtoto wa kike. Huyo msomee barua yote.

Jumapili asubuhi. Barua sijaifunga. Nimeipanga modemu iniletee na mimi kila jibu inalotoa. Sasa hivi, saa kumi na mbili na robo, simu yangu imelia: PAMPU IMEWAKA. Mayu Kabula yuko kazini, na najua bado hajatoka kitandani.

Mwanao akupendaye,
Zaina