Hotuba Aliyoisahau Jemadari Fainipo

Siku ya 6, mwezi wa Boedromioni

Nimemaliza kuandika vita vya darajani! Jemadari Fainipo anawahutubia askari kabla ya kupigana – hotuba ya mistari arobaini. Nimelia mwenyewe nikiisoma. Mikioni fundi viatu, aliyekuwepo, aliniambia jinsi ilivyokuwa: jemadari alisema "Haya, twendeni," akapiga chafya. Basi. Lakini waandishi wa historia ndivyo tulivyo, vitabuni mwetu jemadari husema alichopaswa kusema. Nimemwongezea na akili: alijua adui watapitia bondeni. Kumbe adui hao walipotea tu kwenye ukungu wakaangukia humo.

Siku ya 9

Nimesoma sokoni, mbele ya watu. Makofi! Fainipo alikuwepo. Nikangoja aniumbue. Akaja kunishika mkono – eti nimeyakumbuka maneno yake vizuri sana. Anataka nakala.

Siku ya 15

Mikioni sasa anaapa aliisikia hotuba yote. "Nilikuwa mstari wa pili, bwana! Nywele zilinisimama!" Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya 20

Mkutano wa raia. Vita tena. Nani aongoze? Fainipo akapanda jukwaani akaitoa hotuba yangu, neno kwa neno. Mikono ikanyooshwa kila upande kumchagua. Wangu pia. Ningefanyaje, niyakatae maneno yangu mwenyewe?

Siku ya 21

Majina ya askari yamebandikwa. Eukrito yumo – mwanangu wa pekee, mstari wa mbele. Mama yake anamfungia chakula cha siku tatu, vitunguu na shayiri, wala hasemi nami. Kijana anachekelea: "Baba, kwa jemadari huyu tuogope nini? Si umemwandika mwenyewe?" Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nikaona aibu. Naogopa. Naogopa sana.

Siku ya 22, asubuhi

Jeshi limejipanga langoni. Fainipo yuko sebuleni kwangu! Kofia ya chuma kwapani, kitabu changu mkononi. Nilidhani anataka hotuba nyingine. La. Amekikunjua mpaka pale kwenye bonde, akaweka kidole.

"Kaka, hapa nilijuaje kama watapitia bondeni? Imenitoka kidogo. Hebu nikumbushe."

Nimemwambia nakwenda kutafuta maandishi yangu ya zamani. Nimejifungia chumba cha ndani, naandika haya. Hana haraka, anakula zeituni zetu. Na uani namsikia Eukrito akimtuliza mama yake: asiwe na wasiwasi, jemadari amekuja kupanga vita na baba.