Leso Iliyofunga Mzigo wa Kukhu

Jumatano jioni, Julai 1979. Mbotela, Nairobi.

Baridi haijabanduka tangu asubuhi na jua halijaonekana. Nimekaa kitandani, daftari magotini, na kila Kukhu anapogeuza mguu naacha kuandika, nasikiliza. Mguu umetulia. Naandika tena.

Situlii. Nimechemsha maji mara mbili bila mtu kuyahitaji.

Kukhu ni nyanya yangu mzaa mama. Alifika Jumamosi kwa basi, kwa sababu jicho lake la kushoto limefunikwa na utando na la kulia limeanza kulifuata. Daktari wa macho atamwona kesho. Siku hiyo tuliitafuta tangu Machi. Akiikosa, hatujui atapata nyingine lini, wala kama jicho la kulia litangoja.

Habari ya mguu hakutuambia. Tunalala kitanda kimoja, mzungu wa nne, miguu yake karibu na uso wangu. Usiku wa Jumapili nikapigwa teke. Nilidhani anaota. Kumbe shavu la mguu wake lilikuwa limekaza, gumu kama jiwe, naye ameuma shuka asilie.

Kwenye kitabu changu cha biolojia kuna picha ya msuli ule na jina lake refu la Kilatini. Nililipata sawasawa katika mtihani. Kitabu hakisemi ukikaza mtu afanye nini. Niliushika kwa mikono miwili nikauminya kwa nguvu zote, kama mtu anayekamua blanketi. Kukhu alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza.

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu.

Nilijua nani angemsaidia. Baba ni fundi wa reli, na timu ya karakana yao ikicheza, yeye ndiye anayekimbia uwanjani na ndoo na sifongo mchezaji akianguka. Nimemwona akiwainua wanaume wazima wanaolia kwa kukaza misuli. Lakini kwetu mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake, hamgusi, hamtazami usoni, wala hasemi naye moja kwa moja. Kwa hiyo tangu Jumamosi baba analala kwa Baba Rose, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mama naye yuko zamu ya usiku hospitalini, anakofanya usafi. Kumwita baba kulimaanisha nigonge mlango wa watu usiku, na Baba Rose hamwachi mtu bila kumtania. Mimi hata nikitumwa kuomba chumvi hurudiarudia maneno njiani.

Niliona haya. Jumapili sikwenda, Jumatatu sikwenda.

Jumatatu hiyo nililala darasani hadi mwalimu akanisimamisha. Jioni nikamnong'oneza mama kwamba ni mguu wa Kukhu unaonikesha. Akasema nimkande kwa maji moto, akakimbilia zamu. Kukhu haoni vizuri, lakini masikio anayo. Jana nilipotoka shule nikakuta mzigo wake umefungwa kwa leso, umewekwa mlangoni.

"Kesho naondoka na basi la asubuhi," akasema. "Sikuja Nairobi kuharibu masomo ya mtoto."

"Na macho, Kukhu?"

"Haya macho yameona ya kutosha."

Mama alimbembeleza mpaka saa ya kazi ikamfikia. Alitoka akifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

Usiku mguu ukakaza tena, vibaya kuliko siku zote. Niliupaka samli nikaminya, ikawa kazi bure. Nikaenda nikasimama mlangoni miguu mitupu, nikitafuta sababu za kutotoka. Nyuma yangu Kukhu alikuwa akijisemea gizani, "Ni leo tu. Kesho naondoka. Ni leo tu."

Nikakimbia.

Baba alikuja na koti juu ya kaptura. Alipofika mlangoni alisimama ghafla, akageuka, akatupa mgongo. Ndani, Kukhu alijifunika blanketi kichwani, mguu ukabaki nje peke yake.

"Umeuminya?" baba akaliuliza giza.

"Ndiyo."

"Acha. Msuli uliokaza haugombezwi. Nyoosha goti lake kwanza. Umenyoosha? Sasa shika vidole vya mguu, vivute kuelekea kwake. Taratibu."

"Vinateleza, Baba. Nimepaka samli."

"Samli! Basi tafuta kitambaa kirefu. Kipitishe chini ya wayo, ncha zote mbili umpe mwenyewe avute."

Nikatazama huku na huku. Kitambaa kirefu nilichokiona kilikuwa kimoja, ile leso ya mzigo. Nikasita.

"Fungua!" Kukhu akapiga kelele chini ya blanketi. "Fungua, mtoto, nakufa!"

Nikafungua. Gauni lake la kanisani, sabuni na viatu vikamwagika sakafuni. Akavuta leso kwa mikono miwili, na baba akahesabu hadi thelathini akiutazama ukuta wa jirani. Kiganja changu kilikuwa juu ya msuli. Niliusikia ukilegea kidogo kidogo, mpaka ukawa nyama ya mtu tena.

"Sasa ndiyo ukande," baba akasema. "Kwa kiganja, si kwa kucha. Toka kisigino kwenda gotini. Anakunywa maji?"

Nikasema hanywi. Choo kiko nje, anaogopa kujikwaa usiku, kwa hiyo hujinyima tangu saa kumi.

"Ndoo yangu ile ya timu, iwekwe ndani usiku. Na anywe."

Baba Rose alikuwa ameshatoka kibarazani kwake. "Daktari! Huyo mchezaji anaendelea, au tumtoe?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini blanketi lilianza kutikisika, na nikagundua Kukhu anacheka.

"Mwambie huyo mpiga kelele akalale," akaniambia. "Na yule aliyesimama hapo nje, mwambie mguu unashukuru."

Baba alisikia kila neno. Bado alingoja mpaka nikamrudia maneno yale ndipo akajibu, "Mwambie haidhuru," akaenda zake.

Asubuhi basi liliondoka bila Kukhu. Hakuna aliyelitaja. Niliporudi kutoka shule vitu vyake vilikuwa chini ya kitanda, vimekunjwa. Sasa hivi amekaa karibu nami, leso chini ya wayo, anavuta na kuhesabu kwa lugha yetu. Amekunywa vikombe viwili. Ndoo ya timu iko pembeni.

Nafikiri mno juu ya zile siku mbili. Mlango ule uko hatua kumi na nane kutoka kwetu, leo nimezihesabu. Ningeacha jicho la mtu lipotee kwa hatua kumi na nane?

Viatu vyangu nimeviweka mlangoni, pale ulipokuwa mzigo. Mguu ukikaza usiku wa leo, nitajaribu kwanza nilivyofundishwa, na nikishindwa nitagonga, Baba Rose acheke apendavyo. Kesho saa moja tunatoka kwenda kwa daktari, Kukhu akinishika bega.