Tabasamu Mbele ya Kamati ya Bunge

Section 58, Nakuru

Mpendwa Baba,

Huku mvua imenyesha tangu juzi, nami nikawaza, je, Kitui imefika? Mgongo wako unaendeleaje? Mama bado anakunyima chumvi? Mimi ni mzima, na leo nina furaha ya kuwagawia nyote.

Kwenye simu ulisema serikali iko sawa kufunga idara za chuo zisizoleta kazi. Nilinyamaza, Baba, kwa sababu idara yetu ya kemia ilikuwa kati ya hizo. Ingefungwa, maabara ingenyimwa fedha za utafiti na masomo yangu yangeishia hapo.

Basi wiki jana wabunge wa kamati ya elimu walikuja mjini kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu mswada wa kufunga idara hizo. Ukumbi ulijaa pomoni. Nikasimama nikaeleza kazi yetu: tunachukua mifupa kwa wachoma nyama wa kule Kikopey, kando ya barabara kuu, tunaichoma mpaka iwe makaa, kisha tunaisaga itumike kuchuja maji ya visima na kuondoa floridi, yale madini yanayotia meno madoa. Mbunge mmoja akanikatiza.

"Yaani binti, tulipe kodi ndiyo mchome mifupa? Inasaidia nani?"

Watu wakaangua kicheko. Unanijua, nikibanwa nasema lolote. Nikajibu, "Mheshimiwa, naomba kila aliyekunywa maji ya visima vya huku tangu utotoni atabasamu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimewaaibisha watu wazima hadharani! Ndipo Mama Chebet, mwenye ploti ninamoishi, akasimama kule nyuma akatabasamu, meno yote nje, ya kahawia.

"Hii ni maji imefanya, si uchafu," akasema. "Mimi hupiga mswaki kila siku."

Mzee mmoja akamfuata, kisha safu nzima, ukumbi ukawa kama harusi. Mwishowe yule mbunge, mzaliwa wa Naivasha, aliyekuwa ameziba mdomo kwa mkono, akauondoa akacheka, na meno yake ya kahawia yakaonekana.

"Haya, nimeshindwa," akasema. "Lakini hizo idara zingine bado tutaongea."

Jana ripoti ya kamati ilitoka. Idara yetu haifungwi, na maabara itaendelea kupata fedha! Tulipiga vigelegele hadi mlinzi akaja mbio. Najua mswada haujapigiwa kura, na wenzetu wa idara ya historia hawajui hatima yao. Kuhusu hao, Baba, bado sikubaliani na wewe, na nikija Desemba tutabishana mpaka Mama atufukuze jikoni.

Jumapili Mama Chebet alitoka kanisani akaja moja kwa moja mlangoni pangu. "Nipige picha, na usiniambie nifunge mdomo." Hata kwenye picha ya harusi yake hakuonyesha jino. Nakala moja amekutumia wewe, maana nimemsimulia ubishi wetu; nimeitia kwenye bahasha.

Nisalimie Mama, nyanya, na mdogo wangu Musyoka. Picha iwekeni pale ukutani, pamoja na za familia.

Binti yako akupendaye,
Mwende